Kuku Aliyejeruhiwa na Haja Yake ya Kiota

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vinavyokusanya mayai)



Nimetakiwa nizungumze juu ya kuku aliyejeruhiwa. Wako watakaoona kwamba jambo hili ni dogo mno kuletwa mbele ya mkutano ambao kwa kawaida huzungumza habari za pembejeo, mikopo na makato. Mimi sioni hivyo. Bei ya mazao yetu makuu hupangwa mbali, na mkulima huisikia ikitangazwa tu. Bei ya yai hupangwa hapa hapa gengeni. Katika nyumba nyingi za wanachama wetu fedha ya chumvi, ya daftari la mtoto na ya nauli ya kwenda zahanati hutoka kwa kuku, na mara nyingi kuku huyo ni mali ya mama wa nyumba. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 10 hadi 15 kwa mkupuo, na mikupuo yake kwa mwaka ni kama mitatu. Nyumba yenye mitetea sita ikimpoteza mmoja kwa jeraha ambalo lingeweza kupona, imepoteza sehemu moja ya sita ya mradi wake. Sijui mradi mwingine wa Chama ambao tungeuvumilia upotevu wa kiasi hicho bila mtu kuandika taarifa.

Sababu za majeraha mnazijua: mbwa wa jirani, mwewe, nguchiro, gurudumu la baiskeli, uzi wa katani uliomnasa mguuni, kucha za jogoo mgongoni, na kuku wenyewe kwa wenyewe. Sitazieleza moja moja. Nitasema tu kwamba majeraha mengi huwapata mitetea wakiwa mbali na boma, katika vichaka na mashimo, mahali ambapo mwenye kuku hakuwatuma. Walikwenda huko kutafuta nini? Swali hilo tutalijibu baadaye.

Tuanze na siku ya ajali. Jambo la kwanza si dawa. Jambo la kwanza ni kumwondoa kuku katika kundi, kwa maana kuku hupenda kudonoa kitu chekundu. Wenzake wakiiona damu watamrudia mara kwa mara, na kabla jua halijatua jeraha la ukubwa wa kidole huwa la ukubwa wa kiganja. Mshike kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamekunjwa, umfunike kichwa kwa kitambaa chepesi. Kuku asiyeona hutulia. Lakini usimbane kifua. Kuku hana kiwambo kama alicho nacho mtu kati ya kifua na tumbo. Yeye hupumua kwa kuusukuma mfupa wa kifua mbele na kuurudisha nyuma, hivyo mtoto anayemkumbatia kwa nguvu kwa sababu ya huruma anaweza kumwua bila kujua.

Ikiwa damu inatoka, isimamishwe kabla ya lolote jingine. Damu yote ya kuku wa kilo moja na nusu ni kama mililita 100 tu, yaani chini ya nusu ya kikombe cha chai. Kandamiza kitambaa safi juu ya jeraha kwa dakika tano kamili, bila kufunuafunua kutazama kama imekoma. Kila unapofunua unaling'oa lile pazia la damu iliyokwisha kuganda.

Kisha jeraha lioshwe. Chemsha maji, uyaache yawe vuguvugu, utie kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisichojaa kupita kiasi, kwa kila nusu lita. Manyoya yanayolizunguka jeraha yakatwe kwa mkasi; yasinyofolewe, kwa kuwa ngozi ya kuku ni nyembamba na hupasuka kama karatasi. Jeraha la juu juu limwagiwe maji mpaka uchafu wote utoke. Hapa pana tahadhari ambayo wafugaji wengi hawajapata kuisikia. Ndani ya mwili wa kuku mna vifuko vya hewa vinavyoungana na mapafu, na hata mfupa wa bawa ulio karibu na bega una uwazi unaoungana na njia hiyo ya hewa. Kwa hiyo tundu refu la jino la mbwa lililoingia kiwiliwilini, au mfupa wa juu wa bawa uliovunjika na kutokeza nje, usimwagiwe maji kwa nguvu. Pafutwe kwa kitambaa kilicholowa, na mtaalamu wa mifugo aitwe.

Baada ya kuosha, pakaa iodini iliyozimuliwa kwa maji mpaka ifanane na chai ya rangi iliyo hafifu, au asali safi isiyochanganywa na sukari. Zamani tulizoea ile dawa ya rangi ya zambarau, nayo ilikuwa na faida ya kuuficha wekundu usionekane na kuku wengine. Siku hizi nchi kadhaa zimeikataza kwa wanyama wanaoliwa, kwa sababu mabaki yake hukaa mwilini, nami singeishauri kwa kuku ambaye mayai yake yanakwenda sokoni. Mafuta ya taa, oili chafu ya gari, spiriti, samadi na majivu visiguse jeraha kabisa. Hali kadhalika marhamu zenye dawa ya ganzi, ambazo ndege huweza kudhurika kwa kiasi kidogo tu.

Nzi ni adui mkubwa kuliko mbwa. Wakitaga juu ya jeraha, funza huweza kuonekana kabla ya siku moja kwisha. Kuku afunikwe kwa kipande cha chandarua, na jeraha litazamwe asubuhi na jioni, hasa chini ya mkia na chini ya bawa, ambako macho ya mfugaji hayafiki kwa urahisi.

Mahali pa kumlaza pawe tenga au kasha kavu, penye giza kidogo, pasipo upepo. Joto la mwili wa kuku mzima ni kama nyuzi 41, na aliyepata mshtuko hulipoteza upesi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa iwekwe upande mmoja wa tenga, si pande zote, ili aweze kujiondoa akiona joto limezidi. Maji ya kunywa yawe pale mdomo wake unapofika bila yeye kusimama. Asinyweshwe kwa kumimina kinywani, kwa maana tundu la kupumulia liko nyuma ya shina la ulimi na maji huingia humo kwa urahisi. Kuhusu chakula, pumba zilizoloweshwa, yai lililochemshwa na kupondwa, na mchicha uliokatwa vipande vidogo vinatosha.

Mfupa wa mguu uliovunjika chini ya kifundo, yaani katika ile sehemu yenye magamba, huunga vizuri kwa gango la mwanzi au bua lililopasuliwa na kulazwa juu ya pamba. Kwa kuku mwenye afya huchukua kama wiki tatu. Vidole vitazamwe kila siku: vikivimba au kuwa vya baridi, kamba imekazwa mno. Bawa lililovunjika likunjwe kama linavyokaa kwa kawaida, kisha lifungwe kwa ukanda wa kitambaa unaozunguka mwili bila kukaza kifua. Lakini kuku ambaye utumbo uko nje, au mfupa umesagika, achinjwe mara moja. Kumwacha ateseke siku nne kwa sababu mwenye mali yuko safarini si kuweka akiba.

Neno moja tu juu ya kideri. Si kila kuku anayejikunja pembeni amejeruhiwa. Ukiona shingo imepinda, kinyesi ni cha kijani, na wengine wanafuata, hilo si jeraha, na makatibu watoe habari kwa afisa mifugo siku ile ile. Chanjo ya tone la jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne, ni rahisi kuliko mazungumzo yote haya.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Tunajitahidi kutibu mwili wa kuku, lakini tunasahau kwamba huyu ni kuku anayetaga. Tangu kiini kinapoachwa na kikonyo chake mpaka yai litagwe hupita kama saa 25, na kati ya hizo kama saa 20 yai huwa limo katika chumba ambamo gamba hujengwa. Maana yake ni kwamba mbwa akimwuma mtetea leo adhuhuri, mara nyingi yai la kesho limo ndani tayari. Jeraha haliliondoi. Tena haja ya kutafuta kiota nayo imekwisha kupangwa. Watafiti wawili wa Edinburgh, D. G. M. Wood-Gush na A. B. Gilbert, walionyesha katika miaka ya 1960 kwamba haja hiyo huamshwa na kile kifuko ambamo kiini kilitoka siku iliyotangulia. Kifuko hicho kilipoondolewa, tabia ya kutafuta kiota ilivurugika. Kwa hiyo kuku anapokitafuta kiota asubuhi, anaitikia jambo lililotokea mwilini mwake jana.

Mwanachama mmoja wa chama cha jirani, mama mwenye mitetea tisa, alipata tatizo ambalo linaeleza jambo hili vizuri kuliko maneno yangu. Mtetea wake mmoja aliumwa paja na mbwa. Yule mama alifanya kila kitu sawasawa: aliosha, akapaka asali, akamweka kuku ndani ya tenga safi lisilo na kitu chini ili uchafu uonekane upesi. Siku ya pili kuku alikula na kutulia. Siku ya tatu, tangu alfajiri, akaanza kuzunguka ndani ya tenga bila kukoma, akipenyeza kichwa katika kila upenyo na kutoa mlio mrefu wa kulalamika, mpaka kidonda kikafunguka upya. Nyumba nzima ikakubaliana kwamba maumivu yamemzidi. Shemeji yake akashauri apewe nusu ya kidonge cha kutuliza maumivu cha watu, cha miligramu 500.

Ndugu zangu, hebu tupige hesabu hiyo pamoja. Nusu ya kidonge ni miligramu 250. Kuku yule alikuwa na uzito wa kilo moja na nusu. Mtu wa kilo 60, ili apate kiasi kinacholingana na hicho, ingempasa ameze vidonge 20 kwa mara moja.

Kwa bahati njema afisa mifugo alipita kabla kidonge hakijavunjwa. Hakutoa dawa yoyote. Aliomba majani makavu, akayajaza nusu ya tenga, akafunika upande ule kwa kanga kuukuu ili uwe na giza, akaweka ndani yai moja la zamani lililotiwa alama ya mkaa. Kuku alisimama akatazama, akaingia, akatoka, akaingia tena. Alijizungusha, akachakura kwa miguu, akakandamiza majani kwa kifua mpaka pakawa na kibonde, akaketi. Baada ya muda usiozidi saa moja yai lilikuwa limetoka, naye amelala kimya. Kidonda hakikufunguka tena.

Kwa nini anahangaika kiasi hicho kwa ajili ya mahali pa kukaa saa moja? Kuku wetu wote wametokana na kuku wa mwituni wa Asia ya Kusini-Mashariki. Huko jike hujitenga na wenzake, hutaga chini ya kichaka palipofichika, kwa maana yai lililowekwa wazi huliwa. Kuku wa banda hajaisahau desturi hiyo. Wataalamu waliopima juhudi ya kuku walikuta kwamba anapokaribia kutaga husukuma mlango mzito ili akifikie kiota, kwa bidii isiyopungua ile anayotumia kufuata chakula baada ya kushinda na njaa kwa saa kadhaa. Ni kwa sababu ya maarifa ya namna hiyo kwamba nchi za Umoja wa Ulaya ziliviondoa vile vizimba vitupu vya waya kuanzia tarehe 1 Januari 2012, na kizimba chochote kilichobaki kikalazimika kuwa na kiota. Hata huku kutetea kwake baada ya kutaga, ambako sisi hukuchukulia kama majisifu, wengi huona asili yake ni kumwita jogoo na kundi lililomwacha nyuma.

Turudi basi kwenye swali la vichaka. Mtetea hukimbilia kichakani kwa sababu bandani hakuna mahali panapomridhisha. Kisanduku kiko juanga, au kimejaa utitiri, au kuku kumi wanagombea kimoja na walio wanyonge hupigwa mpaka waondoke. Kiota kizuri hakina gharama. Upana wa sentimeta 30 kila upande, mlango mdogo, giza kidogo, majani makavu yanayobadilishwa kila wiki. Kimoja kwa kila mitetea minne au mitano. Kiwe chini kuliko fito za kulalia, la sivyo watalala humo na kukichafua. Tena msiokote mayai yote. Wazee wetu waliacha yai moja kiotani, nao walikuwa na haki: kuku huvutwa na mahali penye yai, na akikuta pametupu mara kwa mara huhama. Yai hilo litiwe alama, lisije likachukuliwa kwenda sokoni likiwa viza.

Kuku aliyeshtuka huweza kulizuia yai kwa saa kadhaa kupita wakati wake. Yai la namna hiyo mara nyingi hutoka na vumbi jeupe la chokaa juu ya gamba, au na mstari ubavuni. Makatibu wanaopokea mayai wasilikatae kwa sababu hiyo pekee. Halina ubaya wowote ikiwa gamba ni zima na kuku hakupewa dawa. Lakini akisimama wima, mkia chini, akijikamua bila yai kutoka, huyo amekwama. Aketishwe katika maji ya vuguvugu yanayofika tumboni kwa robo saa, ikiwa jeraha haliko sehemu hiyo, apakwe mafuta safi mlangoni mwa yai, arudishwe gizani. Yai lisivunjwe ndani ya mwili wake. Vipande vya gamba hukata kama kioo.

Yuko pia mtetea anayedhaniwa kuwa mgonjwa kumbe anaatamia. Huvimbisha manyoya, hula kidogo, hutoka mara moja kwa siku kwa dakika 10 hadi 20 na kuacha kinyesi kikubwa chenye harufu kali. Kifua chake huwa kitupu bila manyoya, na nimewahi kuona watu wakikipaka dawa. Kifua hicho si kidonda. Ni mahali ngozi yenye joto inapoyagusa mayai, na dawa iliyopakwa pale hupita ndani ya gamba. Anayeatamia akijeruhiwa kidogo mgongoni, mwacheni juu ya mayai yake na mmtibu katika zile dakika anazotoka. Akiumia sana, mayai yahamishiwe usiku chini ya mtetea mwingine anayeatamia. Yakipoa kwa muda mfupi katika kuhamishwa hayafi, kwani mama mwenyewe huyaacha karibu kila siku katika zile siku 21.

Aliyepona asirudishwe kundini kwa kutupwa katikati ya mchana. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba kila kundi la kuku lina ngazi zake, nani amdonoe nani. Aliyekuwa hayupo kwa wiki mbili hukuta ngazi yake imechukuliwa. Awekwe kwanza tengani mahali wenzake wanapomwona kwa siku mbili tatu, kisha arudishwe jioni wanapopanda fito.

Limebaki jambo moja, nalo ni la makatibu zaidi kuliko la wafugaji. Kidonda kirefu huweza kuhitaji dawa ya kuua vijidudu, kama ile ya oksitetrasaiklini inayouzwa katika maduka ya mifugo. Dawa hiyo huingia katika yai. Kila chupa au pakiti huandikwa siku ambazo mayai hayapaswi kuliwa, na siku hizo hazilingani kwa dawa zote, kwa hiyo isomwe ile iliyotumika. Mayai ya wanachama 40 hukutana katika trei moja, na mnunuzi hajui lipi ni la nani. Akilalamika, atalalamikia Chama.

Napendekeza daftari la mapokezi liongezewe safu moja: tarehe kuku alipopewa dawa, na tarehe mayai yake yatakapopokelewa tena. Najua ugumu wake. Mwanachama mwenye kuku wachache atapoteza mayai ya wiki nzima au zaidi, na kanuni ikimwadhibu yule anayesema kweli, wengine watanyamaza na mayai yataletwa. Maoni yangu ni kwamba chama cha msingi kibebe nusu ya hasara hiyo kutoka katika mfuko wake, kwa mayai yaliyoandikwa na kuzikwa mbele ya mjumbe. Fedha hiyo itaonekana katika mahesabu, na mkaguzi atauliza. Iwapo wajumbe wanaona nusu ni nyingi, waseme ni kiasi gani, maana jambo hili haliwezi kuamuliwa na mimi ninayezungumza bali na mikutano mikuu ya vyama vyenu.

Ndugu Mwenyekiti, naishia hapo ili wajumbe wapate nafasi ya kuuliza. Kiota cha mfano kipo pale mlangoni, na mafundi wa chama mnaweza kukipima.